Mchungaji Aliyetuachia Solfa: Maisha ya John Curwen, 1816–1880



Ni desturi ya kijitabu cha jubilii kuwataja walioanzisha kwaya, walimu waliotulea na waimbaji waliolala katika Bwana. Habari zao mtazisoma katika kurasa nyingine. Ukurasa huu tumemtengea mtu ambaye hakuwahi kufika pwani yetu, hakujua Malindi wala Kilifi, lakini kila tunapokutana kwa mazoezi kazi yake iko mikononi mwetu. Ndiye aliyezieneza duniani zile herufi saba tunazoandika ubaoni, d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta na mistari inayozigawa kwa mapigo. Jina lake ni Mchungaji John Curwen wa Uingereza.

Wengi wetu tumeimba solfa tangu ujana bila kulisikia jina hilo. Tumeona inafaa tulitaje leo, kwa sababu Curwen alitumia karibu miaka 40 ya maisha yake akidai jambo moja: kwamba kila mtoto, hata wa maskini, afundishwe shuleni kusoma wimbo kama anavyofundishwa kusoma kitabu. Dai hilo bado lina kazi hapa kwetu.

Mchungaji aliyeshindwa na noti

John Curwen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1816 katika mji mdogo wa Heckmondwike, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Spedding Curwen, alikuwa mchungaji wa kanisa la Wakongregesheni, na mwana akafuata njia ya baba. Alisoma London, na mwaka 1838 akaanza utumishi katika mji wa Basingstoke. Baadaye alihudumu Stowmarket, na mwaka 1844 akawa mchungaji wa Plaistow, mashariki mwa London.

Kipawa chake kilikuwa kufundisha watoto. Alijua kuwaeleza jambo gumu kwa maneno mepesi, na Shule ya Jumapili ilikuwa furaha yake. Lakini upande wa muziki alikuwa kama washirika wengi wanaokaa viti vya nyuma. Noti za mistari mitano zilimshinda. Alijaribu kujifunza, akakwama, akajaribu tena. Wimbo aliweza kuushika kwa kusikia tu, na hata hapo hakuwa na uhakika na sauti yake.

Mwaka 1841 walimu wa Shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull. Waliona uimbaji wa watoto makanisani ni dhaifu, nao wakamwagiza mchungaji huyu kijana, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 25, atafute njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuwafundisha watoto kuimba. Mtu angeshangaa kazi hiyo kupewa asiyejua noti. Lakini wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Fundi aliyezaliwa na sikio jepesi huenda asione ugumu uko wapi. Curwen aliuona, kwa kuwa ulikuwa wake mwenyewe.

Mwalimu Sarah Glover wa Norwich

Katika kutafuta, Curwen aliazimwa kitabu cha mwalimu mmoja wa kike, Sarah Ann Glover, wa mji wa Norwich. Bibi Glover alizaliwa mwaka 1786, binti wa kasisi, na kwa miaka mingi alikuwa akifundisha wasichana katika shule yake. Majina ya sauti yenyewe ni ya zamani sana. Yalianza Italia katika karne ya 11 na mtawa Guido wa Arezzo. Alichofanya Bibi Glover ni kuchukua herufi ya kwanza ya kila jina na kuiandika peke yake, bila mistari mitano, na kutundika ukutani ngazi ya sauti ambayo watoto waliipanda na kuishuka kwa kufuata fimbo ya mwalimu. Sauti ya saba aliibadilisha jina ili herufi yake isigongane na ile ya sol. Ndiyo sababu sisi tuna t pale ambapo wengine husema si. Mfumo wake ulichapishwa mwaka 1835.

Curwen alikaa na kitabu kile nyumbani, akajifunza kwa kumfundisha mtoto aliyeishi katika nyumba ileile. Kwa muda wa majuma mawili hivi aliweza kusoma wimbo wa kanisa mwenyewe, bila mtu kumwimbia kwanza. Jambo lililomtesa kwa miaka lilifunguka. Alisafiri mpaka Norwich kuiona shule ya Bibi Glover, akasikia watoto wa kawaida wakiimba kwa kusoma, na tangu siku hizo hakuwa na shaka tena.

Alifanya mabadiliko. Alitumia herufi ndogo, akatumia alama za kawaida za uandishi kuonyesha mapigo: mstari wima mbele ya pigo zito, nukta mbili mbele ya pigo jepesi, nukta moja kuligawa pigo katikati, na kistari kuonyesha kwamba sauti inaendelea. Mwaka 1843 alichapisha kitabu chake cha kufundishia kuimba shuleni na kanisani. Bibi Glover hakufurahia kila badiliko, lakini Curwen hakuficha kamwe kwamba mzizi wa kazi yake ulikuwa Norwich. Nasi tunapolitaja jina lake tunalitaja na la mama huyo, aliyefariki mwaka 1867.

Herufi za bei nafuu

Nguvu ya solfa ni nini? Kwanza, do inahama. Wimbo ukiwa juu au chini, do ni nyumbani, na sauti nyingine zote hujulikana kwa umbali wake kutoka nyumbani. Mwimbaji hahitaji kukariri funguo kumi na mbili kabla ya kuimba wimbo wake wa kwanza. Kiongozi akitoa do, kwa kinanda, kwa filimbi au kwa koo lake, soprano, alto, tena na besi kila mmoja anajua pa kuanzia. Kanisa la makuti lisilo na kinanda wala umeme laweza kuimba sauti nne kamili.

Pili, gharama. Noti za mistari mitano zilihitaji mchapaji mwenye vifaa maalumu, na vitabu vyake vilikuwa ghali. Solfa hutumia herufi zilezile za gazeti. Curwen alianzisha kiwanda chake cha uchapaji na kuuza nyimbo kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Kwetu sisi solfa imeandikwa kwa chaki, kwa kalamu kwenye daftari la mistari, kwa taipureta, na siku hizi hutumwa kwa simu. Karatasi moja hutosha wimbo mzima kwa sauti zote nne.

Tatu, namna ya kufundisha. Curwen alisisitiza kwamba mtoto asikie na aimbe sauti kwanza, ndipo aonyeshwe alama yake. Jepesi litangulie gumu, na kila hatua ikae sawa kabla ya nyingine. Alitumia chati ya ngazi ukutani, na baadaye akaongeza ishara za mkono: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, kidole kinachoelekea juu kwa ti kwa kuwa sauti hiyo inataka kupanda. Darasa zima laweza kuimba kwa kutazama mkono wa mwalimu tu.

Na kulikuwa na jambo la nne, ambalo wanakwaya wavivu hawatalipenda. Curwen aliweka vyeti vya ngazi mbalimbali, na ili kupata cheti ilibidi kila mtu apimwe peke yake. Haikutosha kusimama katikati ya kundi na kubebwa na sauti ya jirani.

Watu walimiminika. Mwaka 1853 chama cha solfa kiliundwa. Mwaka 1857 watoto wapatao 3,000 waliosomeshwa kwa njia hiyo waliimba pamoja katika jumba la vioo la Crystal Palace, London, mbele ya wasikilizaji wapatao 30,000. Mwaka 1867 kwaya ya solfa ilikwenda kwenye maonyesho makuu ya Paris, ikarudi na tuzo. Katika miaka hiyo ya 1860 Curwen aliuacha uchungaji wa ushirika ili aifanye kazi hii peke yake, na mwaka 1869 alianzisha chuo cha kuwafunza walimu wa solfa.

Vita vya shuleni

Sifa hizo zote zisingetosha kama shule za serikali zingefunga mlango, na kwa muda mrefu mlango ulikuwa umefungwa nusu. Tangu mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilikuwa imeunga mkono njia nyingine, ya mwanamuziki John Hullah. Kwa Hullah, do haikuhama. Ilikuwa sauti moja tu ya kinanda siku zote. Wanafunzi waliendelea vizuri kwenye nyimbo nyepesi za mwanzo, lakini wimbo ulipobadili ufunguo wengi walipotea. Mwaka 1870 sheria mpya ya elimu ilifungua shule za umma kwa maelfu ya watoto wa maskini, na mwaka 1872 aliyewekwa kuwa mkaguzi wa muziki wa serikali alikuwa Hullah huyohuyo.

Wataalamu wengi wa muziki walimdharau Curwen. Walisema herufi zake ni muziki wa watu wa chini, na kwamba mtoto atakayeanza nazo hatafika kwenye muziki wa kweli. Yeye hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa kuleta watoto mbele ya watu, kuwapa wimbo ambao hawajawahi kuuona, na kuwaacha wausome. Aliandika, aliomba, alizungumza na wakuu wa elimu mwaka baada ya mwaka. Kabla hajafa, solfa ilikubaliwa katika mitihani ya walimu.

Tunapaswa kusema pia kwamba wapinzani wake hawakukosea kila kitu. Solfa ni bora kwa sauti ya mtu, lakini ni nzito kwa mpiga kinanda, na wimbo unaohamahama funguo huichosha. Mwanzoni Curwen mwenyewe aliikusudia iwe daraja la kumvusha mwanafunzi hadi kwenye mistari mitano. Baadaye aliliacha sharti hilo, na wengi wakajenga nyumba juu ya daraja. Hata hivyo, walikuwa wamevuka kutoka kutosoma kabisa.

Mwaka 1879 ujenzi wa jengo la chuo chake ulianza huko Forest Gate, mashariki mwa London. Mwanzoni mwa mwaka 1880 mkewe Mary alifariki, na miezi michache baadaye, tarehe 26 Mei 1880, Curwen naye akafariki akiwa Manchester. Alikuwa na miaka 63. Mwanawe, John Spencer Curwen, akaendeleza kazi.

Tunda moja aliloliandaa hakuliona. Mwaka 1882 serikali iliamua kuzilipa shule kwa ajili ya kuimba: peni sita kwa kila mwanafunzi pale walipofundishwa kwa kusikia tu, na shilingi nzima, yaani mara mbili, pale walipofundishwa kusoma noti. Wakuu wa shule waliielewa lugha hiyo mara moja.

Solfa yafika Afrika

Wamisionari waliibeba solfa Madagaska, Afrika Kusini na kwingineko, na vyuo vya walimu vya misheni vikaipokea. Mwalimu mmoja aliyeishika vizuri ni Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Alifundisha katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, na nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika kwa solfa katika daftari. Mmoja, alioutunga mwaka 1897, ulivuka mipaka. Tuni yake ndiyo wanayoiimba jirani zetu wa Tanzania kwa maneno ya Kiswahili kama wimbo wao wa taifa. Mwalimu wa shule, watoto wa shule, na daftari vilitosha.

Sisi Wakenya tuna habari yetu, nayo ilianzia karibu na hapa. Tuni ya Wimbo wetu wa Taifa ni ya kubembelezea mtoto, wimbo wa akina mama wa Kipokomo kule Mto Tana, na Mzee Meza Moroa Galana anatajwa kuwa ndiye aliyeutoa. Mwaka 1963 kamati ya watu watano ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa nchi inayokaribia uhuru: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Mchungaji Thomas Kalume. Kalume alikuwa mtu wa pwani hii, na mwaka 1974 alichaguliwa kuwa mbunge wa Malindi Kaskazini. Mama wa Kipokomo alikuwa na wimbo, na wale watano walijua kuusikia, kuuandika na kuupanga kwa sauti. Kama upande mmoja ungekosekana, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 tungepandisha bendera kwa tuni ya kuazima.

Sisi na watoto wetu

Sasa tutazame shule zetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulifundishwa katika shule za msingi na kutahiniwa pamoja na sanaa na ufundi. Miaka ilivyokwenda uliondolewa kwenye mtihani wa taifa, na sote tunajua kilichofuata: somo lisilotahiniwa likawa somo lisilofundishwa, na kipindi chake kikaliwa na hesabu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limeendelea kuokoa mengi, nasi tunawashukuru walimu wanaojitolea nyakati za jioni na wikendi. Lakini kwenye matayarisho ya tamasha watoto wengi hukaririshwa wimbo mmoja hadi waujue. Tamasha likiisha, wimbo unabaki, ujuzi wa kusoma mwingine haupo.

Tunaliona hilo kwenye kwaya. Vijana wanaojiunga nasi wana sauti nzuri kuliko sisi tulivyokuwa. Wanafika na wimbo kwenye simu, wanaushika haraka, na mashairi hawayasahau. Ukiwapa karatasi ya solfa ya wimbo wasiowahi kuusikia, wananyamaza na kumtazama mzee wa besi aliye nyuma yao. Wanaoweza kusoma kati yetu wengi wana mvi. Kwaya ina sanduku la karatasi zilizoandikwa kwa mkono na waliotutangulia, nyimbo nyingine hazikurekodiwa popote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari likikosa msomaji, mali hupotea vilevile.

Mtaala mpya wa umilisi, CBC, umeurudisha muziki darasani ndani ya Sanaa Bunifu. Hiyo ni nafasi ambayo hatupaswi kuiacha ipite. Kwa hiyo katika jubilii hii tunaomba mambo manne.

Kwanza, wakuu wa shule wakilinde kipindi cha muziki kilichomo kwenye ratiba, na watoto waimbe kwa kusoma, angalau dakika chache kila juma. Pili, vyuo vya ualimu visimtoe mwalimu wa shule ya msingi asiyeweza kuimba ngazi ya do na kuifundisha. Curwen alianza akiwa hajui, na kwa majuma mawili alianza kusoma. Hatuombi miujiza.

Tatu, watoto wasome muziki wao pia. Mwanzele, kayamba, chivoti na marimba ya Kigiriama si vitu vya kupokelea wageni tu. Solfa haiandiki ngoma zetu zote vizuri, hasa midundo inayopishana, lakini tuni zake huandikika, na mtoto wa Kaloleni au Ganze akiandika wimbo wa nyanya yake atakuwa amefanya kazi ileile ya kamati ya 1963.

Nne, ombi hili ni kwetu wenyewe, makwaya ya makanisa yote ya pwani. Shule nyingi hazina mwalimu wa muziki lakini zina kanisa jirani, na ndani ya kanisa hilo yupo mzee anayesoma solfa. Tukubaliane na walimu wakuu, tuwatume wazee hao darasani wangali na sauti. Chaki na ubao vinatosha.

Mzazi unayesoma kijitabu hiki, ukienda shuleni muhula huu kumwona mwalimu wa mwanao, uliza na habari za muziki: ni siku gani unafundishwa, na nani. Na wewe kijana uliyependa nyimbo za leo, njoo kwenye mazoezi. Chati ya ngazi iko ukutani, na wale wazee wa besi wanakungoja.

Mungu awabariki nyote. Karibuni katika jubilii yetu.